Sauti ya Nane ya Kilima Chetu

Mjukuu wangu amejiunga na fanfari, ile bendi ya tarumbeta ya parokia. Juzi aliniletea tarumbeta yake niione, akafungua sanduku karibu kabisa na uso wangu, na ile harufu ikanipiga: shaba, mate ya mtu, na kitambaa chenye mafuta. Nikakaa chini. Mtoto akadhani nimeugua, akaanza kumwita mama yake. Nikamwambia aache kelele, siumwi, nimekumbuka tu. Basi yeye, kwa ile elimu yao, akanieleza kwamba muziki wa jazi ulifika huku kwetu kwa redio, halafu zikaja sahani za gramafoni. Ndivyo walivyofundishwa.

Redio! Mwalimu wake akapumzike. Jazi ilifika kwetu kwa miguu. Ilitoka Walikale, ikapita msituni siku nyingi, ikapanda vilima vya Masisi na mvua yake yote, na ilipoingia uani kwetu ilikuwa imevaa viatu vilivyopasuka, na sanduku lake liko kichwani mwa baba yangu. Kitu cha kwanza ilichoomba ni maziwa. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeleta kikombe. Ninyi mlioota meno wakati mmoja na mimi mtanielewa, maana mnajua jinsi watoto wa siku hizi wanavyopenda kutueleza mambo tuliyoyaona kwa macho.

Kwetu ni juu ya Karuba, ukielekea Kirolirwe. Tulikuwa na ng'ombe, na Mama aliuza maziwa na siagi. Papa na wenzake walikuwa na kazi nyingine: mara mojamoja waliswaga madume mpaka kule chini Walikale, kwa sababu wachimbaji wa bati walitaka nyama na msituni hakuna malisho. Ng'ombe wa kwetu wanauogopa msitu. Papa alisema wanatembea wamekunja masikio njia nzima. Alirudi kila mara na chumvi, nguo, na habari za watu. Mara hiyo alirudi na mtu mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mweusi kumpita Papa, amevaa shati lenye kola na tai imekunjwa mfukoni. Mdomoni, kando kidogo ya katikati, alikuwa na alama ya mviringo, ngozi imekuwa ngumu hapo. Nikaingiwa na huruma sana. Sikujua kwamba ni ya tarumbeta; nilidhani kule alikotoka wanawachoma watu chapa kama ng'ombe wa mashamba ya wazungu, na kwamba mwenye chapa alikuwa anamtafuta.

Mama alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Huyu iko nani?"

"Muntu wa Amerika," Papa akasema. "Nilimukuta anakaa juu ya sanduku yake pale kwa kampi ya mine. Bazungu banakatala alale kwa nyumba ya bageni, sababu iko mweusi. Anaenda kwa kampi ya bafanyakazi, karani anaangalia karatasi yake, anasema hapana, wewe haiko muntu wa hapa, uko mugeni, sheria inakatala."

"Sasa alitakiwa alale wapi?"

"Hakuna mwenye kujua. Bazungu banasema iko mweusi. Karani anasema iko Mwamerika."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema iko na njaa."

Mama akaishusha mikono. Aliingia ndani, na mimi nikatumwa na kikombe.

Tukasafisha kibanda cha ndama, tukatandika majani makavu, akalala humo. Papa alijua kabisa kwamba kumficha mgeni asiye na ruhusa ni kosa, na kwamba atakayelipia ni yeye. Mama alimwambia hivyo kila asubuhi wakati wa kukamua. Kila asubuhi Papa alimwuliza kama anataka akamtupe njiani, na Mama akamjazia mgeni kikombe kuliko sisi wote. Jina lake lilikuwa Wendeli. Sisi watoto tulimwita Papa Wendeli.

Alijifunza Kiswahili kwetu watoto, kwa hiyo alikisema kwa makosa yetu na mengine ya kwake. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa bondeni, alitoka na tarumbeta akashika sauti moja tu, chini kabisa, ndefu mpaka ukajisahau unasubiri iishe. Ndama walimjibu. Tulicheka mpaka tukashika matumbo, na yeye aliwainamia ndama kwa heshima kama mtu aliyepigiwa makofi.

Lazima niwaeleze pembe zetu, la sivyo hamtaelewa kilichotokea Jumapili ile.

Kilima chetu kilikuwa na pembe saba. Ni vibuyu virefu vilivyounganishwa na pembe za ng'ombe, vikapakwa siagi visipasuke wakati wa kiangazi. Kila pembe ilikuwa na sauti moja, na kila sauti ilikuwa ya nyumba moja. Baba alimwachia mtoto wake wa kiume. Ya kwetu ilikuwa ya tatu. Hakuna aliyeweza kupiga wimbo peke yake. Kila mtu alingoja zamu yake, akatoa sauti yake, akaachia mwingine, na wimbo ukatembea kutoka mdomo hadi mdomo. Mtu akisafiri, hakuna aliyemjazia nafasi. Wimbo ulipita na shimo lake, na kila mwenye masikio alijua nani hayupo. Papa alipokuwa Walikale, Mama alikuwa hapendi kusikia pembe zikipigwa.

Wasichana hawakugusa pembe. Si kwamba ilikuwa mwiko wa kutisha. Ni kwamba msichana ataolewa, ataondoka, na sauti itahamia kilima cha wengine.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, Papa Wendeli alitaka kuwashukuru majirani. Maana wote walijua yupo na hakuna aliyekwenda kusema. Akavaa tai. Akasimama uani, akaweka tarumbeta mdomoni, akapiga.

Sauti zote zikatoka kwa mtu mmoja. Zilipanda, zikashuka, zikakimbizana, zikagombana, na yeye yuko peke yake pale, mashavu yamevimba, jasho linamtiririka. Alipomaliza akatabasamu na kungoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walikuwa wameshika mashavu. Nilipomtazama Mama, alikuwa analia.

"Masikini ya Mungu," akasema Papa Rukara. Huyu alikuwa mwenye pembe ya kwanza, mzee mkali mwenye koti moja alilovaa jua na mvua. "Benzake bote balimukimbia. Anapiga ya kila muntu."

"Hata moja habakumubakizia," akasema Mama.

Wanaume wakainuka, mmoja mmoja, wakaenda zao. Niliuona uso wa Papa Wendeli ukisawajika. Alidhani wamechukizwa. Alianza kuweka tarumbeta ndani ya sanduku, taratibu, na mimi nikataka kumwambia kitu lakini sikukijua. Halafu wakarudi, wote, na pembe zao. Wakamzunguka. Papa Rukara akamgusa mkono.

"Papa, punguza. Unabeba muzigo ya bantu mingi. Sisi tuko hapa. Tutakusaidia kubeba."

Baba yangu akamfafanulia kwa mikono. Papa Wendeli alitazama pembe, akatazama nyuso. Akapiga kipande kifupi, polepole. Papa Rukara akasikiliza kichwa kimeinama, akachukua sauti moja humo, akaipiga kwa pembe yake. Jirani akachukua ya pili. Papa akachukua ya tatu. Wakamwondolea moja baada ya nyingine mpaka yeye akabaki amekaa na tarumbeta magotini, na kile kipande chake kinatembea kikimzunguka bila yeye. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Halafu nikaona halii tena kwa kicheko, analia kweli. Sikuwahi kumwona mwanaume mzima akilia hivyo, mbele za watu, bila kuficha uso.

Kumbe hawakukosea. Hiyo ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Walikosea kila kitu kuhusu muziki wake, wakapatia kuhusu yeye. Ndipo alipotueleza, siku ile na siku zilizofuata, vipande vipande, kwa Kiswahili chetu kile.

Alizaliwa katika mji wenye mto mkubwa. Mama yake alifua nguo za wazungu. Alijifunza tarumbeta katika kundi la watu waliosindikiza maiti, wakienda makaburini wanapiga polepole, wakirudi wanapiga kwa kucheza. Alipokua akawa maarufu, akavaa viatu vya rangi mbili, lakini kila nyumba aliyopiga aliingia kwa mlango wa jikoni. Watu walimlilia kwa furaha ukumbini, kisha akatoka kwa kupitia masufuria. Siku moja akachoka. Akapanda meli, akavuka bahari, akaenda Parizi, na huko akaingia kwa mlango wa mbele. Alitueleza mlango ule kwa urefu kuliko alivyotueleza mke aliyempata huko na kumpoteza.

Alisema huko Parizi alipiga muziki chini ya ardhi, kwenye vyumba vyenye moshi, watu wamejaa hadi ngazini. Mimi nikaelewa mara moja: alikuwa mchimbaji. Nikawaeleza watoto wenzangu kwamba Papa Wendeli alikuwa akichimba bati kwa kupuliza, na wazungu walishuka kucheza ngoma shimoni. Walinisadiki wote. Vita vilipokuja, Wajerumani walimfungia kwenye ua wa waya pamoja na watu wengine wa nchi yake, na humo akapoteza meno mawili, na mtu wa tarumbeta bila meno, ninyi wenyewe fikirieni. Alipotoka akajifunza upya kupuliza, kwa pembeni kidogo ya mdomo. Miaka ikapita. Akapata kazi Ubelgiji, na watu watatu weupe, na wao wanne wakapewa mkataba kuja Kongo kuwachezesha wazungu wa mashamba na migodi.

Mpaka Walikale. Pale kwenye nyumba ya starehe ya wazungu wa mgodi, mwenye mlango akamwonyesha jikoni.

"Mimi napita bahari," akatuambia, akiinua vidole, "napita vita, napita waya. Naacha mama yangu anakufa bila mimi. Yote sababu ya mlango. Halafu hapa, Afrika, nchi ya babu yangu, mlango ya jikoni!"

Akafunga sanduku. Wenzake watatu walimwambia asiwe mkaidi, ni usiku mmoja tu. Wakaingia kwa mlango wa mbele, wakapiga bila yeye, na asubuhi lori likawachukua. Ndiyo maana Papa alimkuta amekaa juu ya sanduku lake.

Sijui alifia wapi mtu yule. Niliuliza miaka mingi. Lakini najua alikuwa na haki, na nilikuwa na umri wa kama miaka tisa nilipojua. Tangu hapo nimekuwa mtu mgumu kidogo kwa habari ya milango, marehemu mume wangu angewaambia.

Baada ya Jumapili ile alianza kututungia wimbo. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa na jua bado liko juu ya kilima cha pili, wanaume walikuja na pembe zao. Aliugawa wimbo kama mtu anayegawa nyama, kila nyumba na fungu lake. Lakini akihesabu vidoleni alikuta sauti nane, na kilima kilikuwa na pembe saba. Ya nane ilikuwa ndogo, ya juu, na ilikuja mara moja tu katika kila mzunguko, mwisho kabisa. Wakachonga kipembe cha ndama. Wanaume wakakijaribu. Kila mmoja alipuliza kwa nguvu zake za mtu mwenye ndevu, kikatoa upepo tu, na watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nimekijaribu tayari, nyuma ya nyumba. Papa Wendeli alikuwa amenisikia. Akaninyooshea kidole.

"Huyu."

"Mutoto mwanamuke?" Papa Rukara akaruka. "Ataolewa! Ataenda nayo kwa kilima ya bengine!"

"Basi sitaolewa," nikasema.

Walicheka, eh! Papa Rukara mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakukubali. Alisema kama ni hivyo basi wimbo upigwe na shimo. Papa Wendeli akasema shimo ni la mtu aliyesafiri, na huyu hajasafiri, huyu amesimama hapa. Wakabishana siku tatu. Mwishowe mzee alisema atafumba macho, lakini asiulizwe. Kweli kila nilipofikia sauti yangu alifumba macho. Papa Wendeli alinifundisha kitu kimoja tu: kusubiri. "Usitangulie, Faida. Bengine banapita, wewe unakaa. Halafu unaingia kama iko nyumba yako."

Ajenti wa teritori, mzungu wa serikali ya Wabelgiji, alikuja wakati wa kuhesabu watu. Alikuwa kijana, shingo imeungua na jua, na polisi mmoja, na lori. Hatukujua nani alisema. Labda hakuna aliyesema. Tulichojua ni kwamba mwenye shamba la pareto kule chini alilalamika kuwa wachumaji wake wanasimama kusikiliza. Ajenti akaketi kwenye kiti chetu bila kukaribishwa, akatazama karatasi za Papa Wendeli, akaanza kumsemesha Kifaransa.

Papa Wendeli akamjibu kwa Kiswahili. "Mimi muntu ya Papa huyu."

"Sema Kifaransa!"

"Kifaransa yangu iliisha."

Alijua Kifaransa vizuri kabisa. Alitaka tusikie. Ajenti akawa mwekundu hata masikio. Akasema mtu huyu anakwenda Goma leo, na kutoka Goma anatolewa nje ya Kongo. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tumejaa uani.

"Na muziki yake inaisha leo. Muntu mwenye kuipiga, fimbo nane na gereza." Alikuwa anamtazama Papa peke yake.

Papa Wendeli alimpa kila mtu mkono. Kwangu aliinama, akanishika kidevu. Akapanda nyuma ya lori na sanduku lake, na polisi pembeni. Lori likaanza kushuka. Barabara yetu inazunguka kilima mara nyingi kabla ya kufika chini, kwa hiyo mtu anayeondoka unamwona anapotea na kutokea, anapotea na kutokea.

Hakuna aliyesema tufanye nini. Papa aliingia nyumbani akatoka na pembe yake, anaifuta kwa siagi. Mama akamsimamia mbele.

"Unataka nibaki mujane wa muntu muzima?"

Papa aliendelea kuifuta. Mama akamwangalia, akaangalia kule chini lori lilipotokea tena kwenye kona, akaingia ndani kwa hasira. Alipotoka alikuwa ameshika kipembe changu. Akanisukumizia mkononi.

"Usitangulie," akasema.

Tukapiga. Papa Rukara alianza, na sauti zikashuka bondeni zikifuatana, na kila mzunguko ulipofika mwisho, mimi. Kwenye kona ya tatu lori likasimama. Likahangaika kugeuka, likaanza kupanda. Kugeuza lori kwenye barabara ile si mchezo. Tulikuwa na muda wa kukimbia mpaka Kirolirwe na kunywa maji. Hakuna aliyeondoka.

Ajenti akaruka chini kabla lori halijasimama sawasawa.

"Nani alipiga?"

"Kupiga nini, Bwana?" akauliza Papa Rukara.

"Muziki ya Mwamerika!"

"Mimi nilipiga hii." Akapuliza sauti yake, moja. "Hii iko muziki?"

"Mimi hii," akasema jirani, akapuliza.

"Mimi hii," akasema Papa.

Wakaenda mpaka saba, kila mtu na sauti yake, na katikati ya sauti na sauti waliacha kimya kirefu, wakimtazama ajenti kwa adabu. Ukisikia hivyo, kweli, haikuwa muziki. Ilikuwa ng'ombe wanaoitana. Polisi akageuka akawa anaangalia mawingu.

"Wimbo iko na mwenyewe!" ajenti akapiga kelele.

"Iko yangu!" Papa Wendeli alikuwa amesimama juu ya lori. "Mimi njo mwenyewe! Nipige mimi!"

Hakuweza kumpiga. Hapo ndipo nilipoielewa sheria yao, na sijawahi kuisahau. Mtu yule hakutosha kuwa mzungu ili alale kitandani, na hakutosha kuwa mtu wa hapa ili apigwe kiboko. Ajenti akamwambia anyamaze, akamgeukia Papa.

"Wewe njo mwenye nyumba. Panda lori."

"Sababu ya nini, Bwana? Fimbo nane iko ya wimbo muzima. Mimi nilipiga ya tatu tu. Nipige ya tatu. Zile zingine ziko na benyewe."

"Tugawie, Bwana," akasema Papa Rukara.

Ajenti alihitaji jina moja la kuandika kwenye karatasi yake, na alikuwa amekwisha sema fimbo nane mbele ya watu. Nafikiri aliamini kwamba wakiona kiboko watamtaja mmoja. "Bien, sawa," akasema. "Kila muntu yake."

Papa Rukara akavua koti, akalikunja, akampa Mama, akalala kifudifudi. Sauti ya kiboko cha ngozi naijua. Aliinuka, akachukua pembe yake, akarudi mahali pake kwenye mstari. Wa pili. Papa. Shati lake lilipasuka mgongoni na nikaona damu, na hakutoa hata pumzi. Wakaenda mpaka saba, na hakuna aliyemtaja mtu.

"Saba," akasema ajenti. "Ya nane iko ya nani?"

Kipembe kilikuwa mkononi mwangu, nimekificha nyuma ya nguo.

"Iko yangu vilevile," akasema Papa.

Ajenti akacheka. Mara ya kwanza tangu afike. "Ah! Wewe iko na mbili. Basi wewe njo mwenyewe ya wimbo. Polisi! Huyu anapanda lori."

Polisi akamshika Papa mkono. Nikaona kitu kimoja tu: Papa anakwenda, na kila jioni itakuwa lile shimo, la tatu, na Mama atakimbilia ndani asisikie.

"Anadanganya!" nikapiga kelele. "Iko yangu!"

"Faida, nyamaza!" Sijawahi kumsikia Papa akinipigia kelele vile.

Nikatoka mbele na kipembe. Ajenti akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Mutoto mwanamuke hapigi pembe. Hata mimi najua desturi yenu."

Akamtazama Papa Rukara, mzee wa desturi, athibitishe. Ilitosha mzee atikise kichwa tu. Na mimi nilijua atafanya hivyo.

"Iko yake," akasema Papa Rukara. "Mimi njo nilimupa."

Ajenti akaninyang'anya kipembe akampa Papa. "Piga." Papa akapuliza, na namjua baba yangu, hakuigiza, alijaribu kwa nguvu zote kuniokoa. Kikatoa upepo. Akapuliza tena. Upepo.

"Wewe," ajenti akaniambia.

Nilikiweka kipembe mdomoni, nikajua nikikosa, Papa amekwenda. Halafu nikasikia mbao za lori zinagongwa. Papa Wendeli alikuwa anapiga mwendo kwa kiganja, polepole, moja, mbili, tatu, akinihesabia wale saba. Nikasubiri. Niliacha wote wapite. Nikaingia.

Ikatoka safi. Ilikwenda mpaka kilima cha pili ikarudi.

Ajenti akashusha macho. Karatasi yake ilikuwa wazi, na hakuna jina juu yake. Kisha akamwambia polisi, bila kunitazama: "Moja."

Nisiwadanganye, nililia. Nilipigwa kwenye shavu la mguu, nikalia mpaka nikatapika maziwa ya asubuhi. Lakini sikilizeni, ninyi wa rika langu, na mwalimu wa mjukuu wangu naye asikilize. Hakuna aliyenipa sauti ile kwa kunihurumia. Serikali yenyewe ya wakati ule, na polisi wake na kiboko chake, ilikubali mbele ya watu wote wa kilima kwamba sauti ya nane ni yangu. Baada ya hapo Papa Rukara hakufumba macho tena. Niliolewa, ndiyo, na sauti nikaenda nayo, na hakuna mtu aliyethubutu kuniuliza.

Ajenti akapanda lori. Papa alibaki amesimama, polisi amemwachia mkono. Papa Wendeli alikuwa amevua kofia, uso wote umelowa, hapungi mkono, ananitazama tu. Lori likashuka. Likafika kona ya kwanza.

Papa Rukara akainua pembe. Wakafuata wengine, migongo inavuja, na Papa akaingia na ya tatu. Mama akaniinua kutoka chini, akanifuta mdomo kwa kitambaa chake. Nikasubiri zamu yangu, nikapiga. Kona ya pili. Kona ya tatu. Safari hii lori halikusimama.